Kujenga kompaila ya GCC na maktaba zake ndani ya Linux ya ARM inayoigwa na QEMU: mwongozo kamili

Raspberry Pi 3 ina prosesa ya Cortex-A53 yenye kori 4 na kumbukumbu ya GB 1 tu. Anayetaka kuijengea kompaila mpya ya GCC kutoka kwenye msimbo wake wa chanzo atagundua mapema kwamba bodi yenyewe haiiwezi kazi hiyo, kwa sababu faili moja kubwa la C++ ndani ya GCC huweza kudai mamia ya MB za kumbukumbu wakati wa kukompailiwa, na kadi ya SD ikigeuzwa kuwa swapu, yaani nafasi ya kusaidia kumbukumbu, huchakaa upesi. Laptop ya kawaida ya x86-64 yenye GB 8 ina nguvu ya kutosha, ila haielewi maagizo ya prosesa ya ARM. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuweka Debian ya ARM ndani ya laptop hiyo kwa kutumia QEMU, emuleta inayoiga prosesa nyingine, kisha kujenga humo maktaba za hesabu za GMP, MPFR na MPC, vifaa vya binutils na hatimaye GCC yenyewe, hadi kompaila ihamishiwe kwenye bodi na kufanya kazi.

Njia nyingine ni kutumia kompaila ya x86-64 inayotoa binari (programu zilizo tayari kuendeshwa) za ARM moja kwa moja, na kwa kasi njia hiyo haishindiki. Udhaifu wake ni kwamba skripti za configure, zinazoandaa ujenzi, hupenda kujenga vijiprogramu vidogo na kuviendesha ili zijue tabia za mfumo, na binari ya ARM haiendeshwi na laptop, kwa hiyo skripti hulazimika kukisia. Ndani ya mazingira yaliyoigwa hakuna kukisia, kwa sababu kila jaribio linaendeshwa kweli, na vilevile majaribio ya maktaba yenyewe. Gharama yake ni muda, kwani emuleta ni nzito mara kadhaa kuliko mashine halisi. Kwa kompaila nitakayoitegemea kwa miezi, mimi niko tayari kulipa gharama hiyo.

Kuna jambo moja linalopaswa kukumbukwa katika kila hatua itakayofuata. Mashine iliyoigwa huweza kujitambulisha visivyo: ikasema ina uwezo ambao bodi yako haina, au ikaonyesha taarifa za laptop mahali palipopaswa kuwa na taarifa za ARM. Ndiyo maana kila tabaka linathibitishwa kabla ya kulipandishia jingine.

Hatua ya kwanza: kuijua bodi kabla ya kuigusa laptop

Ingia kwenye bodi na uandike amri hizi mbili:

dpkg --print-architecture
cat /etc/os-release

Usitosheke na uname -m. Amri hiyo huuliza kerneli, yaani kiini cha mfumo, na Raspberry Pi OS ya biti 32 huweza kuendeshwa juu ya kerneli ya biti 64. Uname ikajibu aarch64 (ARM ya biti 64) huku programu zote zilizosakinishwa ni za armhf (ARM ya biti 32). Jibu la dpkg ndilo la kutegemea, na mwongozo huu unachukulia kwamba limesema arm64, jina ambalo Debian huiita aarch64.

Toleo la mfumo nalo lina uzito uleule. Ukijenga kwenye Debian iliyo mpya kuliko ile ya bodi, binari zako zitaifuata maktaba ya C ya mazingira ulimojengea, na ukizipeleka kwenye bodi utakutana na ujumbe kama huu:

/lib/aarch64-linux-gnu/libc.so.6: version `GLIBC_2.38' not found

Debian 12, yaani bookworm, iliyotolewa Juni 2023, hutumia toleo la 2.36 la glibc, yaani hiyo maktaba ya C. Ikiwa bodi yako iko kwenye bookworm, mazingira ya kuigwa nayo yawe bookworm.

Hatua ya pili: QEMU na chumba cha chroot

QEMU, ambayo ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, ina namna mbili za kufanya kazi. Ya kwanza huiga mashine nzima pamoja na diski na kerneli yake. Ya pili huiga prosesa peke yake: programu ya ARM inatafsiriwa maagizo yake kadiri inavyokwenda, na maombi yake kwa kerneli hupelekwa kwa kerneli ileile ya laptop. Kwa kazi yetu namna ya pili inafaa zaidi, kwa kuwa ni nyepesi, na pia kila mchakato wa make (programu inayoendesha ujenzi) unakuwa mchakato wa kawaida wa laptop, hivyo kori zote zinagawana kazi bila mpangilio wowote wa ziada.

Mfumo wa ARM utakaa ndani ya chumba cha chroot, yaani folda ambayo programu zilizo ndani yake huiona kuwa ndiyo mfumo mzima, na debootstrap ndiyo zana itakayoweka Debian humo. Kwenye laptop yenye Debian, sakinisha vifurushi vinavyohitajika:

sudo apt install qemu-user-static binfmt-support debootstrap

Kisha hakikisha kerneli imeshaelekezwa cha kufanya ikikutana na binari ya ARM:

cat /proc/sys/fs/binfmt_misc/qemu-aarch64

Mstari wa kwanza useme enabled. Mstari unaoanza na magic una tarakimu 7f454c46, ambazo ndizo alama ya mwanzo ya kila faili la ELF (muundo wa binari za Linux), na mbele kidogo utaona b7. Hiyo b7 ni 183 kwa hesabu ya kawaida, namba iliyopewa usanifu wa aarch64 katika vichwa vya ELF. X86-64 ina 62. Kerneli husoma baiti hizo chache, ikiona 183 inaikabidhi binari kwa QEMU, na mtumiaji haoni lolote. Tazama pia kama herufi F imo kwenye mstari wa flags. Ikiwamo, kerneli imekwisha kuifungua QEMU na kuishikilia, kwa hiyo hakuna haja ya kuinakili ndani ya chumba. Ikikosekana, nakili /usr/bin/qemu-aarch64-static kwenye folda ya usr/bin ya chumba kabla ya kuendelea na awamu ya pili ya debootstrap.

Sasa jenga chumba chenyewe kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza hupakua na kufungua vifurushi kwa kutumia laptop. Ya pili huvisakinisha kwa kutumia ARM iliyoigwa:

sudo debootstrap --arch=arm64 --foreign bookworm /srv/arm64 http://deb.debian.org/debian
sudo chroot /srv/arm64 /debootstrap/debootstrap --second-stage

Ikikamilika, unganisha vitu vichache vya laptop ambavyo chumba kinavihitaji, kisha uingie:

sudo mount -t proc proc /srv/arm64/proc
sudo mount --bind /dev /srv/arm64/dev
sudo mount --bind /dev/pts /srv/arm64/dev/pts
sudo chroot /srv/arm64 /bin/bash -l

Ninaomba tahadhari hii isipuuzwe: usifute folda ya /srv/arm64 kabla ya kuondoa viunganishi hivyo kwa umount. Folda ya dev iliyo ndani ya chumba ni ileile ya laptop, na amri ya kufuta haitofautishi.

Hatua ya tatu: kuiambia emuleta ni prosesa gani unayoitaka

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili mara ya kwanza, nami nitapaeleza kwa urefu. Nilikuwa nimejenga maktaba, majaribio yote yakapita, nikazipeleka kwenye bodi, na programu ya kwanza ikafa papo hapo kwa maneno mawili tu: Illegal instruction. Nilidhani kadi ya SD imeharibika. Nikaibadilisha, na kosa likabaki palepale.

Sababu ni kwamba QEMU isipoelekezwa vingine huiga prosesa iitwayo max, ambayo imekusanya karibu kila uwezo wa ARM ambao emuleta inaufahamu, ukiwamo ule uliokuja miaka mingi baada ya Cortex-A53. Skripti inayopima uwezo wa prosesa itauona uwezo huo, itautumia, na majaribio yatapita kwa kuwa yanaendeshwa na prosesa ileile ya kuigwa. Bodi halisi ndiyo itakayokataa. Dawa yake ni kigeu kimoja cha mazingira, ambacho QEMU hukisoma kila inapoanzisha programu:

export QEMU_CPU=cortex-a53

Kwa Raspberry Pi 4 ni cortex-a72. Ikiwa unataka binari zako zitumike kwenye bodi zote mbili, chagua ile ya zamani.

Sasa, ukiwa bado ndani ya chumba, sakinisha vifaa vya kujengea, fungua mtumiaji wa kawaida na umpe folda yake. Kujenga kwa mamlaka ya root hakuna faida yoyote, na kosa moja katika make install linaweza kuvuruga chumba kizima.

apt update
apt install build-essential m4 bison flex texinfo wget xz-utils file
useradd -m -s /bin/bash fundi
mkdir /opt/zana
chown fundi /opt/zana
echo 'export QEMU_CPU=cortex-a53' >> /home/fundi/.profile
su - fundi

Mstari wa QEMU_CPU umewekwa kwenye .profile kwa makusudi, kwani su - husafisha vigeu vya mazingira, na bila mstari huo ungerudi kwenye prosesa ya max pasipo dalili yoyote.

Hatua ya nne: maktaba tatu, kwa mpangilio wake

GCC hufanya hesabu nyingi wakati wa kukompaili, za namba kamili zisizo na kikomo cha ukubwa, za desimali na za namba changamano, na inazitegemea maktaba tatu kwa kazi hizo. GMP ndiyo msingi. MPFR imejengwa juu ya GMP, na MPC juu ya zote mbili, kwa hiyo mpangilio wa kuzijenga haubadilishwi. GCC ina skripti yake, contrib/download_prerequisites, inayozipakua na kuziweka ndani ya folda yake zijengwe pamoja nayo. Ni njia rahisi, na kwenye mashine halisi ninaitumia bila wasiwasi. Ndani ya emuleta ninapendelea kuzijenga moja moja, ili kila moja ijaribiwe kabla ya saa nyingi za GCC kuanza.

Pakua gmp-6.3.0, mpfr-4.2.1 na mpc-1.3.1, na kwa hatua zijazo binutils-2.41 na gcc-13.2.0, kutoka ftp.gnu.org, pamoja na faili la saini la kila moja, na uzihakiki kabla ya kuzifungua. Kompaila ndiyo itakayozalisha kila programu itakayofuata, kwa hiyo chanzo chenye mashaka hakina nafasi hapa.

Kila kitu kijengwe katika folda yake, nje ya folda ya msimbo:

tar xf gmp-6.3.0.tar.xz
mkdir jenga-gmp
cd jenga-gmp
../gmp-6.3.0/configure --prefix=/opt/zana --build=aarch64-unknown-linux-gnu --disable-shared
make -j4
make check
make install

Chaguo la --build lina sababu yake. Skripti ya GMP hujaribu kuitambua aina halisi ya prosesa kwa kusoma /proc/cpuinfo, na ndani ya chumba chetu faili hilo huweza kuonyesha prosesa ya laptop. Tukiitajia usanifu sisi wenyewe, haina haja ya kubahatisha. Ikilalamika kwamba haijapata m4 inayofaa, basi kifurushi cha m4 hakikusakinishwa.

Usiruke make check ya GMP hata kama unaharakishwa. Wenye GMP wenyewe wanasisitiza jambo hilo, kwa sababu maktaba hiyo hubana kompaila na asembla kiasi kwamba kasoro za vifaa vya kujengea hujitokeza huko kwanza. Kwetu sisi jaribio hilo linaikagua pia QEMU: matokeo yake yakikataa, tatizo liko kwenye msingi, na kuendelea kupanda ni kujitafutia taabu ya juma zima.

MPFR na MPC hufuata njia ileile, kila moja ikielekezwa kwa zilizotangulia:

../mpfr-4.2.1/configure --prefix=/opt/zana --with-gmp=/opt/zana --disable-shared
../mpc-1.3.1/configure --prefix=/opt/zana --with-gmp=/opt/zana --with-mpfr=/opt/zana --disable-shared

Kuhusu --disable-shared: maktaba za pamoja zikiwekwa /opt/zana/lib, mfumo hauzitafuti huko mpaka uambiwe, na GCC iliyokwisha kujengwa inaweza kukataa kuanza kwa ujumbe wa cannot open shared object file ukiitaja libmpfr.so.6. Maktaba tuli huingizwa ndani ya kompaila yenyewe, na habari hiyo inaisha hapo.

Hatua ya tano: binutils

Binutils hutoa asembla, yaani as, na kiunganishi, yaani ld, pamoja na readelf na objdump tutakazozihitaji kwa uhakiki. Hapa hakuna ugumu.

../binutils-2.41/configure --prefix=/opt/zana --disable-nls --disable-gprofng --disable-werror
make -j4
make install
export PATH=/opt/zana/bin:$PATH

Mstari wa mwisho uandikwe kabla ya kuigusa GCC, ili configure yake izikute as na ld mpya kwanza.

Hatua ya sita: GCC yenyewe

Futa vigeu vinavyoweza kuielekeza GCC kwenye vichwa na maktaba zisizo zake, kisha usanidi:

unset CPATH C_INCLUDE_PATH CPLUS_INCLUDE_PATH LIBRARY_PATH
mkdir jenga-gcc
cd jenga-gcc
../gcc-13.2.0/configure --prefix=/opt/zana --with-gmp=/opt/zana --with-mpfr=/opt/zana --with-mpc=/opt/zana --enable-languages=c,c++ --disable-nls --disable-libsanitizer --enable-fix-cortex-a53-843419

Chaguo la mwisho linaiagiza kompaila ikwepe kasoro inayojulikana ya prosesa ya Cortex-A53, ambayo hutokea pale mfuatano fulani wa maagizo unapoangukia mwishoni mwa ukurasa wa kumbukumbu. Wengi huliacha kwa kutolijua, na Pi 3 ndiyo inayolihitaji.

Uamuzi mkubwa wa hatua hii ni kama uifanye GCC ijijenge mara tatu au mara moja. Kwa kawaida kompaila ya mfumo huijenga GCC ya kwanza, hiyo ya kwanza huijenga ya pili, ya pili huijenga ya tatu, kisha mafaili ya GCC ya pili na ya tatu hulinganishwa. Yasipofanana, kazi husimama na maneno Bootstrap comparison failure! hutokea. Ukiongeza --disable-bootstrap, unapata ile ya kwanza peke yake, kwa sehemu ndogo ya muda. Ushauri wangu ni huu: safari ya kwanza tumia --disable-bootstrap ili ujue kwamba njia yote ni nzima, lakini kompaila utakayomkabidhi mtu mwingine iache ijijenge mara tatu. Ulinganisho ule ni ushahidi mzuri kwamba emuleta haikupotosha hesabu njiani.

Idadi ya kazi za sambamba iamuliwe na kumbukumbu kabla ya kori. Kwa GB 8, make -j4 ni kiasi cha kuanzia. Ukiona ujumbe huu

fatal error: Killed signal terminated program cc1plus

usianze kutafuta kasoro kwenye msimbo. Kerneli imeishiwa kumbukumbu na imeua mchakato mmoja. Rudia kwa make -j2 na kazi itaendelea pale ilipoishia. Tofauti na hilo, ukiona internal compiler error pamoja na segmentation fault, rudia amri ileile kwanza. Kosa likitokea tena kwenye faili lilelile, ni kasoro ya kweli. Likihama au likitoweka, mshukiwa ni emuleta au kumbukumbu ya laptop, na toleo jipya zaidi la QEMU ndilo jambo la kujaribu.

Anayefanya kazi hii mahali ambapo umeme hukatika, kama nilipo mimi, ajue kwamba make huendelea vizuri baada ya kukatizwa, isipokuwa kwa jambo moja. Laptop ikizimika ghafla, faili lililokuwa likiandikwa huweza kubaki tupu, lenye jina na tarehe lakini bila baiti hata moja, na make huliona kuwa limekamilika. Saa kadhaa baadaye kiunganishi hulalamikia kitu kisichoeleweka. Kabla ya kuendelea baada ya umeme kukatika, andika hivi:

find . -name '*.o' -size 0 -delete
find . -name '*.a' -size 0 -delete

Kuzima kwa laptop pia huondoa viunganishi vya chroot, basi virudishe kwa amri zile tatu za mount kabla ya kuingia tena, na utoe upya amri ya export PATH. Ni vyema pia kuendesha kazi yote ndani ya tmux (programu inayoendeleza kazi hata teminali ikifungwa) iliyofunguliwa kwenye laptop, ili kufungika kwa teminali kusiwe mwisho wa kazi.

Ikiisha, make install huweka kila kitu /opt/zana.

Hatua ya saba: uhakiki na kuhamia kwenye bodi

Ndani ya chumba, andika programu fupi ya C++ inayochapisha mstari mmoja, iite salamu.cc, uikompaili kwa kompaila mpya na uikague:

/opt/zana/bin/g++ -O2 salamu.cc -o salamu
/opt/zana/bin/readelf -h salamu
./salamu

Kwenye matokeo ya readelf, mstari wa Machine useme AArch64. Ikiwa ./salamu imekataa kuanza na imetaja GLIBCXX_3.4.32, kompaila yako haina kasoro. GCC 13.2 imekuja na libstdc++ mpya iliyo /opt/zana/lib64, wakati mfumo wa bookworm una ile ya GCC 12, inayoishia 3.4.30. Programu imejengwa kwa mpya na imefunguliwa kwa ya zamani. Iandikie njia ndani ya binari yenyewe:

/opt/zana/bin/g++ -O2 salamu.cc -o salamu -Wl,-rpath,/opt/zana/lib64

Kwa programu itakayosambazwa kwenye bodi zisizo na /opt/zana, tumia -static-libstdc++ pamoja na -static-libgcc badala yake.

Sasa toka hadi kwenye laptop, funga folda nzima na uipeleke kwenye bodi:

sudo tar -C /srv/arm64/opt -cJf zana.tar.xz zana

Ifungue kwenye /opt ya bodi ili njia zibaki zilezile, na usakinishe libc6-dev huko, kwa kuwa kompaila yetu hutegemea vichwa na mafaili ya mwanzo kama crti.o kutoka kwenye kifurushi hicho. Kisha irudie salamu.cc juu ya bodi yenyewe, mara moja kwa -O0 na mara moja kwa -O2. Ikijibu mara zote mbili bila Illegal instruction, jenga kwa kompaila hiyo programu moja halisi unayoitumia kila siku na uendeshe majaribio yake hapo hapo kwenye bodi, kabla ya kukifuta chumba kilichoko kwenye laptop.